Ukuta Unaoliwa kwa Ndani

Mwaka huu masika yalipokwisha na kipupwe kuanza, niliwaita wajukuu zangu wanne tukandike upya jiko langu hapa Kinjumbi. Udongo tulikuwa tumeuloweka tangu jana yake. Wao wakawa wanaukanyaga shimoni huku wakirushiana matope, na mimi nikaupitia ukuta wa zamani kuona wapi pa kubandua na wapi pa kuacha.

Ukuta wa miti na udongo haukaguliwi kwa macho, hugongwa. Nilianzia mlangoni kwa vifundo vya vidole: ko, ko, ko. Sauti nzito, ya udongo ulioshikana na fito zake. Nikaendelea hivyo mpaka karibu na mafiga, na hapo ukuta ukanijibu kwa sauti nyingine: bo. Nikachomeka ncha ya kisu, kipande cha lipu kikadondoka, na nyuma yake hapakuwa na ukuta tena. Palikuwa na vumbi na njia za mchwa. Fito zimeliwa zote, nguzo moja imebaki ganda. Na kwa nje palikuwa pamenyooka, pamepakwa chokaa, wala usingedhani.

Mjukuu wangu wa kidato cha kwanza alisogea akachungulia lile tundu. Kisha akauliza swali ambalo naona alikuwa amelibeba muda mrefu.

"Bibi, mshipa wa Babu Mdogo uliziba namna gani?"

Babu Mdogo ni shemeji yangu. Miezi miwili nyuma aliamka asubuhi mkono wa kulia hauinuki na maneno yanamtoka yamepinda. Kiharusi. Sasa anatembea kwa fimbo, na siku ile alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mkorosho, anafinyanga donge la tope kwa ule mkono mgonjwa, kama alivyoelekezwa afanye mazoezi. Alisikia swali, akanitazama.

"Watu wanasema mafuta yalimziba," mjukuu akaendelea. "Kama uchafu unavyoganda kwenye bomba."

Kabla sijastaafu nilikuwa muuguzi miaka thelathini, na hayo maneno ya bomba nimeyasikia siku zote. Hata mimi niliwahi kuyasema, kwa kuwa ni mepesi. Lakini si kweli, na uongo wake una gharama. Mtu akiamini kwamba mshipa ni bomba chafu, ataamini pia kwamba unaweza kuzibuliwa. Ndiyo maana kwenye mabasi na minadani watu huuziwa chupa za dawa ya "kusafisha mishipa", na wengine hunywa limau na kitunguu saumu wakingoja uchafu utoke.

"Kaeni," nikawaambia. "Tope bado linalowa. Bomba mnalijua?"

Wanalijua. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo hupita chini ya bahari kilomita 25, hupanda nchi kavu Somanga Fungu, kisha hufuata bomba la chuma kilomita 207 hadi Dar es Salaam. Imekuwa hivyo tangu 2004.

"Haya, lile bomba linakula?"

Wakacheka. "Halili, Bibi."

"Linakua? Linapanuka? Likichubuka linajikandika lenyewe?"

"Hapana."

"Mshipa unafanya yote hayo. Usitazame bomba, tazama ukuta huu wa jiko. Ila uwe ukuta ulio hai."

Nikawaeleza hivi. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Ukuta wake una matabaka matatu. La nje ni nyuzi ngumu, ndizo fito zake. La kati ni msuli, unaobana na kulegea. La ndani, linaloguswa na damu, limefunikwa na utando wa chembe hai zilizopangwa safu moja tu, ubavu kwa ubavu. Utando huo ndio lipu. Ni mwembamba, lakini ndio unaoamua kipi kiingie ukutani na kipi kiendelee na safari.

"Una unene gani?" akauliza wa darasa la sita, ambaye hupenda vipimo.

Nikamshika kidole. "Tazama ukucha wako. Wataalamu hupima kwa ultrasaundi matabaka mawili ya ndani ya mshipa mkubwa wa shingoni. Kwa kijana huwa karibu nusu milimita. Ndio unene wa ukucha."

Wote wanne wakaanza kutazama kucha zao, zilizojaa tope.

Sasa lehemu. Neno hili mafundi redio wanalo: ni ile risasi laini wanayoiyeyusha kuunganisha nyaya. Vitabu vya afya vya Kiswahili vimelichukua neno hilohilo kuitia kolesteroli, na si jina baya, maana lehemu ya mwilini nayo ni ya kuungia na kujengea. Kila chembe ya mwili wako ina lehemu kwenye ngozi yake. Nyongo hutengenezwa kwa lehemu. Homoni zinazomgeuza mtoto kuwa mwanamume au mwanamke hutengenezwa kwa lehemu. Sehemu kubwa yake hatuili, ini lenyewe ndilo linaloitengeneza, usiku na mchana. Asiye na lehemu kabisa hawezi kuishi.

"Sasa ubaya wake nini?" akauliza mwingine.

"Ubaya wake uko njiani. Mimina mafuta ya ufuta kwenye kikombe cha maji, utaona yanaelea peke yake. Damu ni majimaji. Ini haliwezi kumwaga lehemu humo hivihivi. Huifunga kwenye vifurushi vidogo sana vyenye ganda la protini, na vifurushi hivyo ndio wapagazi wetu."

Mpagazi wa kwanza anaitwa LDL. Huchukua lehemu kutoka ini na kuipeleka viungoni. Wa pili anaitwa HDL. Huokota lehemu iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. Watu wamewaita lehemu mbaya na lehemu nzuri, lakini mzigo ni uleule. Cha kuuliza ni mpagazi anaelekea wapi, na wako wangapi njiani kwa wakati mmoja.

Na ini lina milango ya kuwapokea LDL wanaozurura na kuwaondoa barabarani. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, ndio walioigundua milango hiyo miaka ya 1970, na mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobeli. Milango ikiwa mingi, njia ni nyeupe. Ikipungua, wapagazi hurundikana. Wapo watu wanaozaliwa na milango michache au mibovu, wameirithi kwa baba au mama, na hao wanaweza kupata shambulio la moyo wakiwa bado vijana, hata kama mboga yao ni kisamvu kitupu.

Nikachora kwa kijiti mistari miwili ardhini. "Hiki ni kichochoro kati ya kuta mbili za udongo. Wapagazi wanapita, wamejaa, wanasukumana. Kuta zina nyufa. Nini kitatokea?"

"Wengine wataingia kwenye nyufa," akasema mdogo kabisa, wa darasa la pili.

Ndivyo ilivyo. LDL ni mdogo kiasi kwamba anaweza kupenya lipu. Hupenya zaidi kwenye kona na njia panda za mishipa, ambako damu hupita kwa msukosuko, na mahali ambapo lipu imechoshwa na presha, moshi wa sigara au sukari nyingi ya kisukari. Akishaingia hunasa kwenye nyuzi. Mzigo wake huanza kuharibika, kama mafuta ya chupa iliyosahauliwa juani.

Mwili hunusa uharibifu huo na kuita walinzi, yaani chembe nyeupe za damu. Huingia ukutani na kuanza kumeza taka. Kosa lao ni kwamba hawajui kushiba. Humeza mpaka hujaa mafuta tumbo zima, na mtaalamu akizitazama kwa hadubini huziona kama mapovu ya sabuni, ndiyo maana huitwa chembe povu. Nyingi hufia mlemle, na mizoga yao ikawa taka juu ya taka. Ukipasua mshipa hapo utaona mstari wa manjano chini ya lipu.

Kisha wanakuja mafundi. Chembe za msuli kutoka tabaka la kati hupanda juu, hufuma nyuzi na kukandika lipu mpya kuufunika ule uchafu. Baada ya miaka, hata chokaa huingia: kalsiamu, madini yaleyale yaliyomo kwenye chokaa ya ukuta wangu wa jiko. Hapo ndipo ateri inaponenepa na kuwa ngumu. Nusu milimita inakuwa moja, inakuwa moja na nusu.

"Kwa hiyo hakuna kilichoganda juu ya ukuta," akasema wa kidato cha kwanza, polepole.

"Hakuna. Ukuta wenyewe umevimba kwa ndani. Wewe utausafishaje kwa limau?"

Chini ya mkorosho, shemeji yangu alicheka upande mmoja wa mdomo. Yeye alikunywa limau hilo miaka mitatu.

"Lakini Babu aliumwa ghafla," mjukuu wa tatu akasema. "Jana yake alikuwa shambani kwenye ufuta wake."

Hilo ni swali la mtu anayefikiri. Ukuta hunenepa kwa miaka thelathini, arobaini, na mwenyewe hasikii kitu. Kisha siku moja lipu iliyofunika taka, ikiwa nyembamba, hupasuka. Na si lazima iwe ya uvimbe mkubwa kuliko wote. Mara nyingi hupasuka uvimbe wa kiasi, ambao haukuwa unabana sana njia. Damu ikigusana na taka, mwili hudhani umejeruhiwa. Chembe sahani, zile zinazoziba kidonda ukijikata na panga, hukimbilia pale. Zinaitana, zinashikana, na kwa dakika chache umati umeziba kichochoro chote. Likitokea kwenye ateri za moyo, hilo ni shambulio la moyo. Likitokea kwenye mshipa wa kwenda ubongoni, ni kiharusi. Kipo pia kiharusi kingine, cha mshipa kupasuka na damu kumwagika ubongoni, na hicho kwa kawaida huletwa na presha. Cha Babu Mdogo kilikuwa cha kuziba.

Tukanyamaza kidogo. Tope lilikuwa tayari, tukaanza kujaza lile tundu, mimi napachika fito mpya, wao wanabamiza madonge. Lakini watoto wakishaonja hadithi hawaiachi.

"Nani alijua yote haya, Bibi, na yako ndani ya ukuta?"

Alianza Mrusi mmoja, Nikolai Anichkov, huko St. Petersburg. Mwaka 1913 aliwalisha sungura lehemu iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti. Ateri za wale sungura zikanenepa, zikajaa zile chembe za povu. Wengine wakambeza: sungura ni mla majani, anahusiana nini na binadamu? Miaka arobaini baadaye, mwaka 1953, madaktari wa Marekani waliandika kuhusu maiti za askari wao 300 waliouawa vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Walikufa kwa risasi na mabomu, si kwa moyo. Lakini katika kila wanne, watatu hivi walikutwa na dalili za ugonjwa huu kwenye ateri za moyo.

"Miaka 22?" Wa kidato cha kwanza alihesabu kwa vidole vya tope. "Si miaka minane tu kutoka nilipo?"

"Ndiyo maana nakwambia wewe, simwambii mbuzi."

Akajitetea kama watu wazima wanavyojitetea: hayo ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Nikamwambia kwamba mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya kuwapiga picha za mionzi watu 137 wa kale waliokaushwa, wa Misri, Peru na kwingineko, ambao wengine waliishi maelfu ya miaka iliyopita. Theluthi moja hivi walionekana na ateri zilizoanza kuwa chokaa. Ukuta wa mwanadamu ni mmoja. Maisha anayoishi ndiyo hutofautiana.

"Basi Wamaasai wote wangekufa," akasema yule wa tatu, anayependa ubishi. "Wao wanakunywa maziwa na mafuta tu."

Wajukuu zangu wanawajua wafugaji, kwa sababu wengi wamehamia Kilwa na ng'ombe wao miaka hii. Na bila kujua, alikuwa amegusa kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Miaka ya 1960 daktari mmoja kutoka Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, George Mann, alikuja kuwachunguza Wamaasai. Alikuwa na shaka na habari za lehemu. Akaona wanaume wanaoishi kwa maziwa na nyama, wanaokula mafuta ya wanyama mengi kuliko Wamarekani, na bado lehemu katika damu yao ilikuwa ya chini, na magonjwa ya moyo hakuyaona. Wengi waliosikia wakashangilia: mafuta hayana neno!

Lakini Mann hakuishia hapo. Yeye na wenzake walikusanya mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki, wakaipasua na kuipima, na mwaka 1972 wakatoa walichokiona. Kuta za ateri za moyo zilikuwa zimenenepa. Zimenenepa sawa na za wazee wa Marekani.

"Sasa mbona hawakufa?"

Nikafuta ile michoro ya kichochoro, nikaichora upya. Kuta nene kama zile za kwanza, lakini nikazisogeza mbali.

"Kwa sababu njia ilikuwa pana. Kadiri walivyokua, ateri zao zilipanuka, zikazidi hata ule unene. Ukuta umenenepa, lakini wapagazi bado wanapita wakiwa wawili wawili. Na zile lipu zilizopasuka zikaleta balaa, aliziona chache sana. Mann alidhani siri ni miguu: watu wanaotembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe, moyo unasukuma damu nyingi, na ateri inajitanua kuipokea. Lile bomba la Somanga lingeweza?"

"Halipanuki," wakajibu wote.

Hapo nikawaambia wasinielewe vibaya. Kisa cha Wamaasai hakisemi mafuta hayana neno. Kuta zile zilikuwa na ugonjwa. Kinasema kwamba unene wa ukuta na ufinyu wa njia ni mambo mawili, na mwili unaotembea una namna ya kujitetea. Mtu akichukua chakula cha mfugaji akakiongezea kiti cha bodaboda na kochi, hajawa Mmaasai. Amechukua nusu ya hadithi.

Mama yao alikuwa ameleta ming'oko ya kuchemsha. Tukakaa kula, na mazungumzo yakahamia kwenye sufuria, kama yanavyopaswa.

"Nazi je? Nazi si mmea? Mimea haina lehemu."

Kweli, nazi haina lehemu. Lakini jaribuni hivi. Asubuhi za Julai, baridi ikishika, tazameni chupa ya mafuta ya nazi: yameganda meupe kama nta. Chupa ya mafuta ya ufuta, iliyo pembeni yake, inatiririka kama kawaida. Shahamu ya ng'ombe huganda. Samli huganda. Mafuta ya mawese, ambayo ndiyo mengi yanayouzwa kwa kipimo madukani, nayo huwa na mgando chini. Mafuta ya alizeti, karanga na korosho hayagandi, wala ya samaki.

Yale yanayoganda kwenye chupa hayagandi ndani yako, maana mwili una joto. Kinachofanyika ni kwamba mafuta ya aina ile inayoganda, yakiliwa kwa wingi, huliambia ini lipunguze milango. Wapagazi wa LDL wanakosa pa kupokelewa, wanajaa barabarani. Mafuta ya aina isiyoganda, yakichukua nafasi ya yale, milango huongezeka.

Hili lilijaribiwa na nchi nzima, kwenye bahari hiihii yetu ya Hindi. Kisiwa cha Morisi kilikuwa na mafuta ya kula ya mgao, karibu yote ya mawese. Mwaka 1987 serikali ikayabadilisha yakawa ya soya. Watu waliendelea kukaanga na kupika vilevile. Mwaka 1992 walipopimwa, wastani wa lehemu katika damu ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kulikuwa na mambo mengine waliyoyabadilisha, lakini watafiti waliona sehemu kubwa ya tofauti ilitoka kwenye ile chupa ya mafuta.

Na hapa kwetu Tanzania, mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa vijiji viwili vya kusini-magharibi. Kimoja kiko kandokando ya Ziwa Nyasa, watu wanakula samaki kila siku. Kingine kiko milimani, eneo la Lugalawa, watu wanakula nafaka na mboga. Zaidi ya watu 600 walipimwa kila upande. Wala samaki walikuwa na presha ya chini zaidi, na mafuta katika damu yao yalikuwa machache zaidi, kuliko hata wale wasiokula nyama. Kwa hiyo mnapoletewa vibua kutoka Somanga mkaniambia mmechoka samaki, nawasikia na ninanyamaza, lakini moyoni nacheka.

"Tuache nazi kabisa?" Mama yao ndiye aliyeuliza safari hii, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepewa talaka.

Sikusema hivyo. Mbaazi za nazi na samaki wa kupaka ni urithi wetu, na bibi zetu walikula hivyo wakaishi. Lakini wao nazi moja waliikuna kwa mkono, wakaila watu wanane, baada ya kutwa nzima ya jembe. Hawakuwa na chipsi za mafuta yaliyokaangiwa siku nne, wala maandazi asubuhi, soda mchana na chipsi mayai usiku. Na ajabu yetu watu wa Kilwa na Lindi ni hii: tunalima ufuta, tunaupeleka wote ghalani, fedha yake tunanunulia mawese. Bakuli la ufuta uliotwangwa kwenye kisamvu si umaskini. Korosho kiganjani badala ya andazi si ushamba.

Shemeji yangu aliinua fimbo yake kuomba nafasi. Maneno hutoka kwa taabu, lakini siku ile alitaka yatoke.

"Waambie... na sigara," akasema. "Na vidonge."

Nikawaambia kwa idhini yake. Babu Mdogo alipimwa presha miaka mitano nyuma, ikakutwa juu. Akapewa vidonge. Akavimeza miezi minne, akajisikia mzima, akaviacha, akaendelea na limau na sigara zake. Alijisikia mzima kwa sababu ukuta hauumi. Lile jiko langu nalo, juzi tu nilikuwa nalisifia.

"Na ukishanenepa haurudi?" aliuliza wa kupenda vipimo.

Unaweza kutulizwa. Zipo dawa zinazoitwa statini. Mjapani Akira Endo aliipata ya kwanza kwenye ukungu, wa jamii ya ule unaoota kwenye mkate, miaka ya 1970. Hulipunguzia ini kazi ya kutengeneza lehemu, nalo ini likiona lehemu imepungua hufungua milango zaidi, wapagazi wakaondoka njiani. Lipu ya uvimbe huimarika, na wakati mwingine uvimbe hupungua kidogo. Njia ikishakuwa finyu sana, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, ina madaktari wanaopitisha mrija mwembamba kuanzia mkononi au pajani hadi kwenye moyo, wakaipanua ateri kwa puto dogo na kuacha kiwavu cha chuma kuishikilia. Ni kazi ya ajabu. Lakini ni kama nguzo ya kuegemeza nyumba: mchwa bado wamo, na mgonjwa bado anatakiwa kumeza dawa, kutembea na kuacha sigara.

"Kugonga ni bora," nikasema. "Presha hupimwa kwa mkanda wa mkononi, dakika moja. Sukari ni tone la damu. Lehemu nayo hupimwa kwa damu kidogo, na ukikuta nyumbani kuna mtu aliyekufa kwa moyo akiwa kijana, usingoje uzee kupima."

Jua lilikuwa linashuka. Tulimaliza kubamiza tope, nikalainisha kwa kiganja cha maji. Wakubwa wakaenda kisimani kujaza ndoo, kwa miguu, wakilalamika kwamba bodaboda ingekuwa upesi. Shemeji alikuwa amemaliza kufinyanga donge lake. Lilikuwa limetoka mbuzi, mwenye miguu mitatu mizuri na mmoja uliopinda.

Yule mdogo wa darasa la pili hakuonekana. Nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa ameingia nyumba kubwa, anapita chumba kwa chumba, anagonga kuta kwa vifundo vyake vidogo. Ko, ko, ko, sebuleni. Ko, ko, ukumbini. Akaingia chumba changu, nyuma ya kitanda, kwenye ukuta nilioupaka chokaa mwenyewe kabla ya Idi.

Pakawa kimya. Halafu akagonga tena, mara mbili, polepole.

"Bibi," akaita. "Njoo usikie hapa."

Nikachukua kisu.